Pilau ya Mtoto Asiyehitimu

Ndugu yangu Mwinyihaji alikuwa na minazi mingi hapa Mtongwe, ng'ombe wawili wa maziwa, baiskeli isiyo na breki, na mdomo usio na breki. Nayasema haya mimi Mwanatatu, dadake tumbo moja, kwa hiyo asije mtu akanambia namsengenya. Kusengenya ni kumsema mtu hayupo. Mimi yote haya nilimwambia usoni, tena mara nyingi, na kama angalisikia hata robo yake, nisingalikuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Ugonjwa wake ulikuwa kiapo. Wanaume wengine wakibishana barazani huapa kwa Mungu wakaishia hapo. Mwinyihaji, Mungu hakumtosha. Yeye aliapa kwa talaka ya mkewe.

Mara ya kwanza ilikuwa sababu ya mihogo. Mihogo yake ililiwa shambani, naye akaapa mbele ya watu kwamba ikiwa mlaji si mbuzi wa jirani yetu Mwachili, basi mkewe ameachika. Mlaji alikuwa mbuzi wake mwenyewe. Alikutwa jioni ile ile na jani la muhogo mdomoni. Mara ya pili ni lori la jeshi lilipokwama matopeni njia ya feri, masika, wakati vita vya Wazungu vimepamba moto. Mwinyihaji akaapa lori lile halitoki; likitoka, yeye hana mke. Likatoka. Askari wakashangilia na kumpungia mkono, hawajui kuwa wamevunja nyumba ya mtu.

Mara zote mbili wifi yangu Mwanasaumu aliletewa habari ya kuachwa kwake akiwa jikoni. Mara ya kwanza alikuwa akikuna nazi, na alimaliza kuikuna, kwa sababu watu walikuwa bado watakula. Siku ya pili yake mume akamrejea mbele ya mashahidi, kama sheria inavyomruhusu, na maisha yakaendelea. Lakini sheria ina kikomo hata kwa wapumbavu. Talaka ni tatu. Ya tatu ikishapita, mume hana tena la kurejea mpaka mwanamke aolewe na mwanamume mwingine, wakae kama mke na mume, aachwe, amalize eda. Mwinyihaji alikuwa amebakiwa na moja tu, na mtu mwenye akili angaliitia sandukuni akafunga kufuli.

Walikuwa na mtoto mmoja, Mwidani. Sasa huyu Mwidani alikuwa mzito wa kusoma, na siyapambi maneno. Aliingizwa chuoni pamoja na wenzake, akakaa mkekani pamoja na wenzake, ubao wake ukasuguliwa pamoja na ubao wa wenzake. Miaka minne ikapita. Wenzake walikuwa wametoka zamani kwenye juzuu ya Amma, ile ya sura fupi anayoanzia kila mtoto, wanapanda kuelekea Bakara, mwisho wa safari. Mwidani alikuwa bado yumo ndani ya Amma, ametulia, kama mtu aliyealikwa kulala.

Hakuwa mtundu wala mvivu. Alikuwa na mwendo wake. Herufi aliitazama kwanza, kisha akaisema. Sura hakuiacha mpaka imemkaa. Na alikuwa na tabia moja iliyomtia Mwalimu wazimu: ukimkatiza katikati, hata kwa kupiga chafya, hakuendelea pale alipofika. Alirudi mwanzo. Mwalimu wetu, mzee mwenye bakora ndefu inayofika kila pembe ya chuo bila yeye kuinuka, alimkatiza kila siku ili kumhimiza, na kila siku mtoto akarudi mwanzo, na kila siku Mwalimu akashangaa kwa nini hasongi mbele.

Mamake hakushangaa. Alasiri Mwanasaumu alikaa uani akisuka ukili, mtoto naye kando yake na msahafu wake, akimsomea yale ya asubuhi. Mamake hakusema "haraka". Alisema "tena, baba," akaendelea kusuka. Nilimwuliza siku moja kama hachoki kusikia sura moja mwezi mzima. Akanambia, "Wifi, mkeka huu nao n'nausuka mwezi mzima, na hakuna aniulizaye kama n'nachoka."

Mambo yaliharibika mwezi wa Mfungo Tatu, mara baada ya Idi ya kuchinja, pale Mwachili alipomhitimisha mwanawe Mbwana. Mnajua kwetu mtoto akimaliza msahafu huwa nini. Mbwana alivishwa joho na kilemba, akatembezwa kijiji kizima chini ya mwavuli, twari zikipigwa, wanawake tukipiga vigelegele mpaka makoo yakauma, kisha karamu. Mwaka ule mchele ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi, sukari ya kupimiwa kama dawa, lakini Mwachili alipika pilau ya sufuria tatu, na kusema kweli ndiyo iliyomuuma ndugu yangu zaidi ya huo msahafu.

Watu walipokwisha kunawa, Mwachili akamgeukia. Mwachili ni mtu mpole, ila ana ulimi unaochoma bila kuonyesha moto.

"Na wako je, Mwinyihaji? Nasi tuweke matumbo tayari, au tungoje vita viishe?"

Baraza ikacheka. Mwinyihaji akainuka. Nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, na nilipoiona miguu yake imesimama nikamwambia Mungu amzibe. Mungu alikuwa na kazi nyingine.

"Wallahi wabillahi! Mwanangu atahitimu kabla ya Maulidi haya ya Mfungo Sita. Ikiwa hakuhitimu, mke wangu ameachika!"

Safari hii Mwanasaumu hakuhitaji kuletewa habari. Alikuwa papo hapo kwa Mwachili, anatusaidia kupakua. Upawa ukamsimama mkononi.

"Amesema mwezi gani?" akaniuliza.

"Mfungo Sita."

Alihesabu kichwani. Nilimwona akihesabu. Miezi mitatu, na msahafu karibu mzima. Kisha akapakua sahani nyingine, akampa mtoto mmoja aipeleke kwa wageni. Mimi ndiye niliyelia. Kwa hasira nililia, na nikamwambia mke wa Mwachili ni moshi.

Tangu siku ile Mtongwe nzima ikawa na mtoto mmoja. Watu ambao hawakujua hata jina lake wakajua amefika sura gani. Mwinyihaji alikwenda kutafuta kombe: mganga aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, Mwidani akanyweshwa asubuhi kabla ya chai. Kombe moja halikuonyesha kitu, yakawa mawili. Mzee mmoja akasema asali. Mwingine akasema mtoto asile firigisi, firigisi huzibia akili. Mwingine akasema asile samaki wa aina fulani, na yule wa kwanza akasema la, huyo ndiye ale. Wote hawa walikuwa wanaume wasioweza kukusomea Yasini bila kuchungulia, lakini juu ya akili ya Mwidani kila mmoja alikuwa bingwa. Mwalimu naye akaongeza saa. Mtoto akawa anaingia chuoni wenzake wamelala na kutoka wenzake wamechoka kucheza.

Akaharibika. Neno lenyewe ni hilo. Kwanza tumbo, kwa yale maji ya waridi. Kisha akaanza kukojoa kitandani, kitu alichokwisha kukiacha zamani. Kisha alasiri moja alikaa uani kando ya mamake, akafungua msahafu, akaanza Alhamdu, Alhamdu anayoisoma hata mtoto wa miaka mitatu, ikamkatikia njiani. Akaanza tena. Ikakatika. Akamtazama mamake.

"Mama, zimetoka zote," akasema.

Mwanasaumu akaweka ukili chini. Alimshika mtoto kichwa akakiegemeza kifuani mpaka Mwinyihaji alipoingia na sahani ya kombe la jioni. Aliipokea kwa adabu, akaenda nayo mgombani, akaimwaga.

"Wee mwanamke! Aya hizo!"

"Na mgomba ni kiumbe cha Mungu. Utanufaika."

"Hujui kama ni nyumba yako inayookolewa? Au wataka kuachika?"

"Mwinyihaji," akamwambia, na sijapata kumsikia akilitaja jina lake kavu vile, "kiapo uliapa wewe. Mbona anyweshwe mtoto? Lete sahani, nikutilie wewe, unywe wewe, labda akili yako ndiyo itakayofunguka."

Nilikuwa nimekaa pale na nikacheka, sikujizuia. Ndugu yangu alitoka kwa hasira, akapanda baiskeli, na kwa kuwa haikuwa na breki tulimsikia akijiegesha uani kwa Mwachili, ndani ya kuku.

Kombe likakoma. Saa za ziada za chuo hazikukoma, lakini alasiri mamake aliendelea na lake. "Tena, baba." Alhamdu ikarudi. Baada yake zikarudi zile fupi, moja moja, kama kuku wanaorudi bandani jioni, mpaka mtoto akafika pale alipokuwa kabla hajaokolewa na wanaume.

Mfungo Nne ukapita, Mfungo Tano ukapita. Hata Mwinyihaji, ambaye hesabu hazikuwa rafiki zake, akaona. Ndipo akakaa na Mwalimu chemba, na wazee hawa wawili wakapata akili moja kati yao. Siku ya hitima, walisema, nani humsomesha mtoto msahafu mzima? Husomeshwa aya chache za mwisho wa Bakara, watu wakasema mashaallah, ikaombwa dua, pilau ikaja. Basi Mwidani ashikishwe aya zile kwa masikio, kama wimbo, awekewe msahafu wazi mbele, na nani atajua?

Mwidani mwenyewe ndiye aliyemwambia mamake, wala hakujua kama anatoboa siri. Aliona ni jambo la ajabu tu.

"Mama, Mwalimu anifundisha pahala pakubwa. Lakini hapatoki kwenye herufi. Patoka mdomoni kwa Mwalimu."

Usingizi ukamruka Mwanasaumu. Asubuhi alinijia nyumbani, akaketi, akakataa chai.

"Wifi, wewe ulisoma kwa babu yenu, una elimu kuliko mimi. Mtu akihitimu kwa urongo, amehitimu?"

"Hajahitimu," nikasema.

"Na mtu aliyeapa mkewe ameachika ikiwa mwanawe hakuhitimu?"

Nikaweka kikombe changu chini. Nilikuwa nimekwisha kuona anakokwenda.

"Basi watu watakula pilau waende zao," akasema. "Watasema alhamdulillahi, nyumba ya Mwinyihaji imesalimika. Na mimi usiku nitalala na nani? Mume huyo hatakuwa mume. Nitaishi naye haramu mpaka nife, na mwanangu ndiye atakayekuwa ameifunika haramu hiyo kwa ulimi wake, ilhali hajui. Wafikiri siku atakayojua atanitazama vipi?"

Nilimwambia amwambie mumewe maneno hayo hayo. Akamwambia. Jibu la ndugu yangu nilisimuliwa siku ile ile, na mpaka leo nikilikumbuka natamani nimfinye. Alisema, "Mungu atasamehe. Watu ndio hawatasamehe."

Karamu ikawekwa siku ya kuamkia Maulidi. Mchele ulipatikana, nisiulizwe wapi. Mbuzi alichinjwa, yule mla mihogo, na hakuna aliyemlilia. Tangu asubuhi Mwanasaumu alipika pamoja nasi, akachambua mchele, akakaanga vitunguu, akaonja chumvi. Alimwogesha mwanawe na kumvisha kanzu mpya. Joho lilikuwa la kuazima, kwa Mwachili bila shaka. Mtoto alitembezwa chini ya mwavuli, twari zikalia, nasi tukapiga vigelegele, ijapokuwa changu kilitoka kwa shida.

Baraza ya Mwinyihaji ikajaa. Khatibu wa msikiti wetu alikaa mbele, Mwalimu kuliani kwake, Mwachili na wengine wakajipanga ukutani. Mwidani aliketishwa mkekani, msahafu ukafunguliwa juu ya mto mbele yake. Sisi wanawake tulijaa nyuma ya pazia la mlango wa kati, tunaona kila kitu kwenye nafasi za kitambaa.

Akaanza ile "Amana rasulu". Sauti yake ilikuwa nzuri. Alikwenda vizuri hadi aya ilipokaribia kwisha, Mwachili akaguna, "Mashaallah!" Mtoto akanyamaza. Akarudi mwanzo. Akaenda tena, mtu mwingine akakohoa. Akarudi mwanzo. Watu wakaanza kutazamana. Kiganja cha ndugu yangu kilikuwa kinafuta jasho kwenye goti, juu chini, juu chini.

"Ana haya," Mwalimu akasema upesi. "Mtoto mbele ya watu huona haya. Mwacheni, msimkatize."

Mara ya tatu hakuna aliyepumua. Mwidani akasoma mpaka mwisho. Ikatoka yote, safi, haina kombo. Baraza ikanguruma mashaallah. Mwalimu akainua mikono kwa dua. Niliona mabega ya ndugu yangu yakishuka, na Mungu anisamehe, na yangu yalishuka. Imekwisha, nikasema moyoni. Tule.

"Mwidani," sauti ikasema kando yangu.

Haikuwa sauti kubwa. Lakini mwanamke hasemi nyuma ya pazia wanaume wakiwa wameinua mikono ya dua, kwa hiyo mikono yote ikabaki hewani.

"Lebeka, mama."

"Umesoma vizuri, mwanangu. Hapo uliposoma, ndipo ulipofika?"

Mtoto akamtazama babake. Babake alikuwa ametoa macho. Akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akatazama dari. Kisha akalitazama pazia, na uso wake ukafunguka, kwa sababu kumbe tangu asubuhi alikuwa anangoja mtu amuulize.

"La. Hapo si pangu, ni pa Mwalimu. Mimi nimefika Wadhuha."

Wadhuha! Bado yumo ndani ya Amma. Kuna mtu aliyeanza kucheka akaona si pahali pake. Khatibu alishusha mikono polepole, akaugeuza ule msahafu kumwelekea mtoto.

"Nionyeshe kwa kidole, hizi ulizosoma ziko wapi hapa?"

"Sipajui hapo," Mwidani akasema. "Bado."

"Khatibu," Mwinyihaji akaingilia, sauti imempasuka, "haya ni mambo ya watoto! Mtoto huyu atahitimu tu, leo au kesho, kuna tofauti gani?"

"Kesho ni Maulidi," Khatibu akasema. "Na kiapo hakuapa mtoto. Ulisema kabla ya Maulidi, na watu wote hawa walisikia. Ulikuwa umebakiwa na ngapi?"

Ndugu yangu akauinamia mkeka. Mwachili, Mungu amlipe, ndiye aliyesema chini chini, "Moja," na nilimwona kuwa naye hakufurahi. Alikuwa amechokoza mtu barazani kama watu wanavyochokozana, na sasa mke wa jirani alikuwa anatoka nyumbani kwake.

Nilidhani Mwanasaumu atalia. Nilimshika mkono. Akautoa taratibu, akalisogelea pazia.

"Khatibu," akasema, "nimesikia na nimekubali. Lakini mtoto amevishwa joho, na watu wamekuja kumsikiza. Asome pale alipofika."

Khatibu akafungua msahafu upande wa pili, mwishoni, kwenye sura fupi. Mwidani akatafuta kwa kidole, akapata, kama mtu aliyemkuta rafiki yake. Akasoma Wadhuha. Aliisoma kwa mwendo wake, herufi kwa herufi, kila moja ameitazama kwanza. Sura yenyewe ni aya kumi na moja tu, Mbwana wa Mwachili huimaliza kabla hujafunga kifungo, lakini siku ile ilikuwa ndefu, na wanaume wote wale, waliomlisha asali na kumnyima firigisi, walikaa kimya wakaingoja. Mwachili alishikwa na kikohozi akakimeza mpaka macho yakamtoka machozi. Mimi yangu yalikuwa yanatoka bila kikohozi.

Alipomaliza akageukia pazia.

"Mashaallah," mamake akasema. "Umefika mbali."

Kisha akajitanda buibui lake, akapita mlango wa uani, akaenda kwao Timbwani. Mwidani akavua joho, akalikunja vizuri, akamrudishia Mwachili, akamfuata.

Mnataka kujua pilau? Ililiwa. Ilikaa kidogo inatoa moshi, kila mtu anaona haya kuwa wa kwanza, mpaka Mwalimu akasema si vizuri kuitupa neema ya Mungu wakati huu wa vita. Wakanawa. Hakuna punje iliyobaki. Walikula hitima ya mtoto ambaye hakuhitimu, nyumbani kwa mume ambaye hakuwa na mke, na wawili watatu waliuliza kama kuna ukoko.

Huko Timbwani Mwidani aliingia kwa mwalimu wa kike, mama mtu mzima aliyeshona kofia huku akisikiliza watoto. Mkono wake ulikuwa na kazi, kwa hiyo hakuwa na haja ya kumkatiza mtu. Mwidani akasonga. Sisemi alipaa, mtoto alikuwa mzito na amebaki mzito. Lakini kila alichokipita alikuwa amekipita kweli, na usiku kitanda chake kilikuwa kikavu.

Ndugu yangu alikuwa akienda kumwona kila Alhamisi. Mwanzo alikwenda kwa sababu ya mtoto. Nilijua mimi, na alijua Mwanasaumu, kwamba pole pole alianza kwenda kwa sababu ya ule mlango. Alikonda. Alijipikia ugali ambao hata kuku wa Mwachili waliususa. Barazani hakuapa tena, mtu akisema jua linachomoza magharibi, yeye alijibu "huenda." Eda ilipokuwa imekwisha kitambo, akanijia kuniomba niwe mshenga wake.

"Nimempata mtu," akanambia. "Mtu mzima, hana nguvu nyingi, hana tamaa. Atamwoa, atakaa naye siku chache, atamwacha, kisha mimi..."

"Umepanga talaka ya mwingine sasa?" nikamwuliza. "Zako hazikukutosha?"

Lakini alikuwa ndugu yangu na alikuwa analia, kwa hiyo nikaenda naye.

Tulimkuta Mwanasaumu uani kwa kina babake, anasuka. Mwidani alikuwa kando yake na msahafu. Mwinyihaji alibisha hodi kwa sauti kubwa kama kawaida yake, mtoto akakatika katikati ya aya. Akainua macho.

"Shikamoo, baba. Umenikatiza. Sasa n'naanza upya."

Nikamtazama ndugu yangu. Zamani hapo angalipiga ulimi, angalisema "we mtoto we." Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Marahaba. Anza, baba," akasema. "Nakungoja."

Na akangoja kweli. Sura ilikuwa ndefu, na kuku akapita, na jirani akaita nje, na mtoto akarudi mwanzo tena, na Mwinyihaji akangoja tena. Alishusha kichwa, akawa anafuata midomo ya mwanawe kwa midomo yake mwenyewe. Nilimwonea huruma siku ile, nalisema wazi, na kama ningalikuwa mimi ndiye Mwanasaumu labda ningaliyeyuka. Ndiyo maana si mimi.

Mtoto alipomaliza akaenda kucheza. Mimi nikafungua mdomo kusema ya ushenga, ndugu yangu akaniwahi. Aliyamwaga yote: kwamba amebadilika, kwamba hataapa tena, kwamba amejifunza kumngoja mtoto, yuko yule mzee asiye na tamaa, ni siku chache tu, watu husahau.

Mwanasaumu alimsikiza mpaka mwisho. Hakumkatiza hata mara moja. Alifunga fundo la ukili, akalikata kwa meno.

"Mwinyihaji, uzito ule wa mtoto, mlitafuta kwa waganga mjue ameutoa wapi. Mngaliniuliza. Ni wangu. Mimi nami hujifunza polepole. Kukujua wewe kumenichukua talaka tatu. Sasa nimehitimu, na n'lichokisoma hakinitoki."

Ndugu yangu akanigeukia mimi mshenga wake nimsaidie neno. Nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga, nacheka.